Je, Miyamoto Ni Tezuka wa Michezo ya Video?

Msomaji mmoja anayejifunza uchoraji wa katuni ameniandikia kwamba kila anaposoma historia ya michezo ya video hukuta Shigeru Miyamoto, mbunifu wa michezo wa kampuni ya Nintendo, akiitwa "Osamu Tezuka wa michezo ya video". Anataka kujua kama ulinganisho huo una msingi au ni sifa tu, na kama una msingi, ni wabunifu gani wengine wa michezo wanaoweza kuwekwa kando ya waasisi wengine wa manga, yaani katuni za Kijapani kama alizochora Tezuka.

Ndugu msomaji, ulinganisho huo una msingi, lakini si pale wengi wanapouweka. Wanaoutumia kwa kawaida humaanisha kwamba wote wawili ni mashuhuri, wote ni Wajapani, na kila mmoja alizaa mhusika anayejulikana dunia nzima, huyu Mario na yule Atomu, mtoto wa chuma. Umaarufu peke yake hautufundishi kitu kuhusu ufundi. Kinachowaunganisha kweli ni namna walivyopanga matukio ili mtu aelewe bila kuelezwa, na kinachowatenganisha ni mambo mazito ambayo ulinganisho huo huyafunika, hasa maana ya kifo katika kazi zao na suala la nani mwenye mali.

Tezuka alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 mjini Toyonaka, karibu na Osaka, akakulia Takarazuka. Alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari kitabu chake Shin Takarajima kilipotoka mwaka 1947, akishirikiana na Shichima Sakai. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoitwa akahon, vya bei rahisi na majalada yenye wekundu mwingi, vilivyochapwa Osaka kwa karatasi duni kwa sababu Japani ilikuwa imetoka vitani na karatasi nzuri ilikuwa adimu. Watoto walivinunua katika maduka ya pipi na vitu vya kuchezea, na hakuna mkosoaji wa fasihi aliyejisumbua kuvitazama. Kurasa za mwanzo zinamwonyesha kijana akiendesha gari kwa kasi kuelekea bandarini, na jambo la kuzingatia ni kwamba katika fremu kadhaa zinazofuatana hakuna tukio jipya linalotokea. Kinachobadilika ni umbali na pembe ya kutazama, hivyo msomaji anahisi mwendo wa gari ilhali karatasi imetulia mikononi mwake. Wapo watafiti wanaokumbusha, na wana haki, kwamba wachoraji wa kabla ya vita walikwisha kujaribu mbinu za sinema, kama alivyofanya Sako Shishido katika Speed Taro ya miaka ya 1930. Hata hivyo ni kitabu cha Tezuka ambacho vijana wa kizazi kilichofuata, wakiwemo wawili waliokuja kujulikana kwa jina la pamoja la Fujiko Fujio, walikitaja kuwa ndicho kilichowafanya waamue kuchora.

Miyamoto naye aliingia katika fani iliyokuwa haijathaminiwa. Alizaliwa tarehe 16 Novemba 1952 huko Sonobe, mji mdogo wa mkoa wa Kyoto, na ujanani alitamani kuwa mchoraji wa manga. Alisomea usanifu wa bidhaa katika chuo cha sanaa cha Kanazawa, kisha mwaka 1977 akaajiriwa na Nintendo, kampuni iliyoanzishwa Kyoto mwaka 1889 kutengeneza karata. Mwaka 1981 alipewa kazi ya uokoaji, kwa kuwa mashine nyingi za mchezo ulioitwa Radar Scope zilikuwa zimekosa wanunuzi Marekani na ilibidi zigeuzwe kuwa mchezo mwingine. Chini ya usimamizi wa Gunpei Yokoi akabuni Donkey Kong, mchezo wa sokwe aliyemteka mwanamke na fundi seremala mdogo, ambaye baadaye aliitwa Mario, anayepanda ngazi kumfuata.

Hebu tumtazame huyo seremala jinsi alivyochorwa, kwa maana hapa ndipo undugu wa wabunifu hawa wawili unapoanza kuonekana. Nafasi yake kwenye skrini ilikuwa pikseli, yaani nukta za skrini, 16 kwa 16 na rangi chache. Mdomo usingeonekana, kwa hiyo akapewa masharubu yanayoitenga pua na uso. Nywele zinazopepea wakati wa kuruka zilikuwa ngumu kuzichora, kwa hiyo akavishwa kofia. Mikono ingepotea ndani ya kiwiliwili, kwa hiyo akavishwa ovaroli ya rangi tofauti na shati ili mkono uonekane unaposogea. Tezuka alifanya hesabu ya namna hiyohiyo kwenye karatasi yake mbovu: macho makubwa, ambayo aliyajifunza kwa kutazama filamu za Disney na za ndugu Fleischer, yalibeba hisia ambazo mistari myembamba isingeweza kuzibeba katika uchapaji ule. Wote wawili walichora kile ambacho nyenzo ziliweza kukibeba kikafika salama kwa mtazamaji. Hata tabia ya Tezuka ya kuwatumia wahusika wake kama waigizaji, uso uleule ukicheza mtu mwingine katika kitabu kingine, tunaiona kwa Mario, ambaye baada ya kuwa seremala alikuwa fundi bomba katika Mario Bros. ya mwaka 1983 na mwamuzi katika mchezo wa Tennis wa mwaka 1984.

Lakini ushahidi ulio mzito zaidi uko katika mpangilio. Tezuka alianza kazi mwaka 1946 kwa kuchora mkanda wa fremu nne katika gazeti la watoto, na mikanda ya aina hiyo nchini Japani hufuata mara nyingi utaratibu wa kale uitwao kishotenketsu: fremu ya kwanza hutambulisha jambo, ya pili huliendeleza, ya tatu hulipindua kwa namna ambayo msomaji hakuitarajia, na ya nne hufunga. Koichi Hayashida, aliyeongoza utengenezaji wa Super Mario 3D Land ya mwaka 2011, amewahi kueleza kwamba hatua za mchezo ule zilipangwa kwa utaratibu huo, na kwamba msukumo ulitoka kwa Miyamoto, ambaye kwa kuwa alichora manga utotoni alikuwa akiwahimiza wenzake kila mara wafikirie ile sehemu ya tatu inayoshtua. Kwangu mimi kauli hiyo ina uzito kuliko sifa zote za magazeti, kwa sababu ni fundi anayetaja chombo alichokitumia na mtu aliyemkabidhi.

Ukirudi kwenye Super Mario Bros., iliyotoka tarehe 13 Septemba 1985, utaona mbegu ya jambo hilo katika hatua ya kwanza kabisa. Mchezo mzima ulienea katika kilobaiti 40, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo hukizidi mara nyingi, na hapakuwa na nafasi ya maelezo marefu. Mario anasimama kushoto, na mbele yake pako wazi, kwa hiyo mchezaji anaelewa kwamba safari inaelekea kulia. Anatokea kiumbe mwenye uso wa hasira anayemjia polepole. Asiyeruka anakufa, na kwa kuwa alikuwa hajasafiri popote hapotezi kitu zaidi ya sekunde chache. Baadaye kidogo anagonga tofali lenye alama ya kuuliza, ukachomoza uyoga. Mchezaji mpya, aliyekwisha kuumizwa na kiumbe chenye umbo la uyoga, ana kila sababu ya kuukimbia, lakini uyoga unateleza kwenda kulia, unagonga bomba, unageuka na kumrudia, na kwa kuwa juu yake pana matofali si rahisi kuuruka. Unamgusa, na badala ya kufa anakua mkubwa. Kitisho, mazoea, mgeuko na furaha vimepita bila neno hata moja kuandikwa. Mbele zaidi zipo ngazi mbili zinazotazamana juu ya ardhi imara, ambapo kuanguka hakudhuru, kisha zinafuata nyingine mbili zenye shimo katikati.

Hapa ndipo ninapokubali bila kusita kwamba Miyamoto na Tezuka ni wa ukoo mmoja. Kila mmoja aliwaachia waliomfuata sarufi, yaani namna ya kupanga vitu ambayo mtu mwingine angeweza kuichukua na kusema nayo hadithi yake mwenyewe. Ukoo huo, hata hivyo, una mipaka yake.

Tezuka alihitimu udaktari na kupata leseni, ingawa hakuifanya kuwa kazi yake, na tangu ujana wake wakati wa vita hadi alipofariki tarehe 9 Februari 1989 kifo kilikuwa kiini cha kazi zake. Katika Black Jack, aliyoianza mwaka 1973, daktari mpasuaji asiye na mfano hushindwa mara kwa mara, na mgonjwa aliyekufa harudi. Katika Hi no Tori, aliyoichora kwa vipindi kwa miongo kadhaa bila kuikamilisha, watu wanautamani uzima wa milele na kuangamia kwa kuutamani. Hata Atomu, shujaa wa watoto, anaruka kuelekea jua na kujitoa mhanga katika kipindi cha mwisho cha mfululizo wa kwanza wa televisheni mwaka 1966. Nguvu ya hadithi hizi inatoka katika ukweli kwamba msomaji hawezi kuzuia lolote. Ukurasa ukishachorwa, yaliyomo yamekwisha kutokea.

Kwa Miyamoto kifo ni mwalimu. Mario hufa, hurudishwa mwanzo, na mchezaji hurudi akiwa na ujuzi ambao hakuwa nao dakika moja iliyopita; anayebadilika ni aliyeshika kidhibiti cha mchezo, si mhusika. Hilo ni jambo jipya ambalo manga haikuwa nalo na haiwezi kuwa nalo. Katika The Legend of Zelda, iliyotoka tarehe 21 Februari 1986, mchezaji huanza katika uwanja wenye njia kadhaa na mlango wa pango. Akiingia pangoni anapewa upanga, lakini anaweza pia kuondoka bila kuingia, akakutana na maadui mikono mitupu. Miyamoto amesimulia mara nyingi kwamba mchezo huo ulitokana na utoto wake wa kuzurura vilimani na mapangoni karibu na Sonobe. Tezuka angeamua ni lini kijana wake aingie pangoni, fremu hiyo iwe na upana gani, na kivuli kianzie wapi. Miyamoto aliyaacha mamlaka hayo kwa makusudi, akabaki na kazi ya kutengeneza mahali ambapo mtu mwingine atajitungia siku yake. Kwa hiyo anayesema Miyamoto ni msimuliaji mkubwa kama Tezuka anamsifu kwa jambo ambalo silo lake. Hadithi za Mario ni nyembamba, na hazikukusudiwa kuwa vinginevyo.

Jambo la pili ambalo ulinganisho huu hulifunika ni la jina na mali, na nakuomba ulitazame kwa makini kwa kuwa wewe mwenyewe unataka kuishi kwa kalamu. Jina la Tezuka lilikuwa kwenye jalada tangu mwanzo, na hakimiliki ya kazi zake ilikuwa yake. Uhuru huo ulikuja na hatari zake. Aliunda studio ya Mushi Production mwaka 1961, akaanza kurusha Tetsuwan Atomu katika televisheni tarehe 1 Januari 1963, na ili apate nafasi hewani akaiuza kwa bei iliyokuwa chini ya gharama, akitumaini kufidia kwa mauzo ya bidhaa zenye sura ya Atomu. Studio hiyo ilifilisika mwaka 1973, wakati Tezuka mwenyewe alikwisha kuacha uongozi wake. Wapo wanaoona kwamba bei ile ndogo iliwaachia watengenezaji wa anime, yaani katuni za Kijapani za filamu na televisheni, desturi ya malipo duni, nami naona lawama hiyo ina ukweli ndani yake, ijapokuwa si haki kumbebesha mtu mmoja mambo yote yaliyofuata kwa miongo mingi.

Miyamoto amekuwa mwajiriwa wa kampuni ileile tangu 1977. Hakuwahi kufilisika, na Mario si mali yake. Mchezaji aliyeimaliza Zelda mwaka 1986 aliona mwishoni jina "S. Miyahon", na la mwenzake Takashi Tezuka, ambaye hana undugu wowote na Osamu, lilikuwa "Ten Ten". Kampuni nyingi za Japani za wakati huo ziliwataka wafanyakazi watumie majina ya bandia ili washindani wasiwachukue. Marekani hali ilifanana na hiyo: Warren Robinett, alipotengeneza Adventure kwa ajili ya mashine ya Atari, alificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya mchezo kwa sababu kampuni haikuwataja watengenezaji, na wenzake wanne walikuwa wamekwisha kuondoka mwaka 1979 na kuanzisha Activision, wakitaka pamoja na mambo mengine watajwe kwa kazi zao. Japani ilimtangaza Miyamoto kuwa mtu mwenye mchango mkubwa katika utamaduni mwaka 2019, wa kwanza kutoka fani ya michezo ya video kupewa heshima hiyo. Fani yake ilisubiri muda mrefu kuliko manga kukubaliwa kwamba nyuma ya kazi kuna mtu.

Sasa niingie katika sehemu ya pili ya swali lako. Kama ningelazimika kuchagua mbunifu mmoja anayestahili kutazamwa kwa jicho la manga, nisingemchagua Miyamoto. Ningemchagua Yuji Horii. Alizaliwa mwaka 1954 katika kisiwa cha Awaji, naye pia alitamani kuchora manga, akaishia kuwa mwandishi wa kujitegemea aliyeandika kuhusu michezo ya Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchezea nyumbani, katika jarida la manga la Weekly Shonen Jump. Alivutiwa na michezo miwili ya kompyuta kutoka Marekani, Wizardry na Ultima, yote ya mwaka 1981, iliyokuwa migumu na iliyohitaji kompyuta ya gharama na subira nyingi. Horii aliichambua, akaondoa kilichomfukuza mgeni, akabakiza safari, mapambano na kukua kwa shujaa, kisha akavipanga ndani ya kaseti ya Famicom iliyouzwa kwa watoto. Mchezo huo, Dragon Quest, ulitoka tarehe 27 Mei 1986. Alichokifanya ndicho alichokifanya Tezuka na filamu za Marekani: kuchukua kitu cha gharama kutoka ng'ambo na kukifanya kisemwe kwa lugha ya nyumbani, juu ya nyenzo ya bei nafuu. Katika jambo hilo Horii anamkaribia Tezuka kuliko Miyamoto.

Zaidi ya hayo, Dragon Quest ilizaliwa ndani ya nyumba ya manga yenyewe. Mhariri wa Jump, Kazuhiko Torishima, alimleta Akira Toriyama, aliyekuwa ameanza Dragon Ball mwaka 1984, achore wahusika na viumbe. Horii alimpelekea Toriyama mchoro wa kiumbe cha ute kilicholala kama rundo la tope. Toriyama akamrudishia tone moja lenye macho na tabasamu, na tone hilo ndilo likawa nembo ya mfululizo mzima hadi leo, hata baada ya Toriyama kufariki mwezi Machi 2024. Wasomaji wa Jump waliujua mchezo kabla haujafika madukani. Anayetafuta mahali ambapo fani hizi mbili zilishikana mikono kwa hakika, na si kwa mfano tu, aanzie hapo.

Hideo Kojima anaweza kuwekwa kando ya Yoshihiro Tatsumi, aliyebuni jina gekiga mwaka 1957 kwa ajili ya katuni za watu wazima zilizokuwa na uzito ambao manga ya watoto haikuwa nao. Ninauona mfano huo kuwa nusu. Ni kweli kwamba Kojima aliingiza vita, silaha za nyuklia na dhamira ya askari katika michezo, na Metal Gear ya mwaka 1987 ilikuwa mchezo wa kujificha kwa sababu mashine ya MSX2 haikuweza kuonyesha maadui na risasi nyingi kwa wakati mmoja, jambo linalotukumbusha masharubu ya Mario. Lakini Tatsumi alichora vibarua na wapweke wa mijini katika ukimya wa vyumba vidogo, ilhali Kojima anapenda majukwaa makubwa na maneno mengi. Kufanana kwake na wachoraji wa manga kuko kwingine: alisisitiza jina lake liwe sehemu ya kazi. Na hata yeye, alipoondoka kampuni ya Konami mwaka 2015, aliuacha mfululizo wa Metal Gear nyuma yake, kitu ambacho mchoraji wa manga mwenye hakimiliki yake asingelazimika kukifanya.

Wanawake nao wasisahaulike katika hesabu hii. Moto Hagio na Keiko Takemiya waliibadilisha manga ya wasichana miaka ya 1970 kutoka ndani, na kwa upande wa michezo Rieko Kodama wa kampuni ya Sega alikuwa na mchango mkubwa katika sura ya Phantasy Star ya mwaka 1987, iliyompa msichana nafasi ya shujaa mkuu wakati hilo lilikuwa nadra. Siwafananishi moja kwa moja, kwa sababu Hagio na Takemiya walikuwa na kizazi kizima cha wenzao wa kike kando yao, na Kodama alikuwa miongoni mwa wachache mno.

Satoshi Tajiri ningemweka karibu na wachoraji vijana wa manga wa Tokiwa-so, jengo la Tokyo ambamo Tezuka alipanga chumba, na alipohama mwaka 1954 chumba hicho kikachukuliwa na akina Fujiko. Tajiri alianza mwaka 1983 na kijarida kidogo kilichoitwa Game Freak, alichokitengeneza mwenyewe kwa ajili ya wapenzi wa michezo, Ken Sugimori akawa mchoraji wake, na kundi hilo la marafiki ndilo lililogeuka kampuni iliyotoa Pokémon tarehe 27 Februari 1996.

Ukitaka kuyapima haya kwa macho yako, angalia unachokishika. Shin Takarajima iliyomo katika mkusanyo wa kazi zote za Tezuka ni ile aliyoichora upya mwenyewe miaka ya 1980, na mwendo wa gari lile hauko kama ulivyokuwa. Tafuta chapa ya awali iliyotolewa tena mwaka 2009. Vivyo hivyo cheza Super Mario Bros. ya mwaka 1985, si ile iliyopambwa upya kwa ajili ya Super Famicom, mashine iliyofuata Famicom, mwaka 1993. Rangi na mandhari ya ile ya pili vinapendeza, lakini vinakuficha jinsi skrini ya kwanza ilivyokuwa tupu, na utupu huo ndio uliomwambia mchezaji aende kulia.